Saa za Wanawake katika Maji ya Sidi Khiyari

Novemba 6, 1974

Bangili zangu za fedha zimegeuka nyeusi. Wiki haijaisha tangu nivikwe harusini kwetu Sfax, pwani, na leo hamamuni nimetoka majini na mikono kama ya mchoma makaa. Nilipiga yowe, wanawake wote kwenye birika la kuogea wakacheka.

"Msfaksi!" akaniita Bi Mannubia, kikongwe mwenye meno mawili na ulimi wa watu kumi. "Mumeo hakukuambia? Maji yetu yanakula fedha. Dhahabu hayaiwezi. Kamwambie Lutfi akununulie dhahabu."

"Lutfi huyu huyu?" akadakia mwingine. "Labda amkatie tiketi ya bure!"

Lutfi, mume wangu, ndiye karani wa hamamu. Anauza tiketi, anatunza funguo, na zamu ikibadilika anagonga ubao wa mlangoni kwa nyundo ya mti: wanaume asubuhi, wanawake kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, kisha wanaume tena. Birika ni moja tu, lile lile walilolichonga Warumi, kwa hiyo mji wote unaishi kwa kuusikiliza ule ubao.

Mama yake, Lalla Duja, alikuwa ameketi karibu na mdomo wa chemchemi, pale maji yanapochoma hasa. Hakucheka, hakusema. Nimeolewa na mtoto wa jiwe.

Novemba 9

Mvua.

Novemba 15

Kwetu Sfax maji ni ya kisima cha nyumbani, yanatunzwa kama mali ya yatima. Hapa Sidi Khiyari, milimani, yanatoka mwambani usiku na mchana, ya moto, hakuna aliyewasha kuni, na hakuna anayeshangaa ila mimi. Nimekuwa nikiuliza nani anayeyachemsha.

Sasiya, mfagiaji wa hamamu, anasema ni majini wa Nabii Suleimani. Aliwaumba viziwi na vipofu ili wasipeleke siri zake, basi alipofariki hakuna aliyeweza kuwaarifu, ndiyo maana mpaka leo wanachochea moto. Nikamwambia aliyeumba ni Mungu. Akasema, "Basi aliwakuta hivyo. Mimi nafagia tu."

Lutfi anasema ni madini ya kiberiti yaliyo chini ya mlima.

Bi Mannubia anasema, "Ukimuuliza ng'ombe maziwa yanatoka wapi atakupiga teke. Oga, mwanangu."

Nikamuuliza mavyaa wangu, Lalla Duja. Alifikiri kidogo. "Ni ya moto," akasema.

Novemba 30

Mvua, na ukungu mzito hata punda wa jirani amepotea uani kwao.

Lutfi ameniletea mayai aliyoyachemshia kwenye mdomo wa chemchemi, bado yana joto kwenye mfuko wa koti lake. Ni mpole mno. Wasichana wenzangu waliniambia watu wa milimani ni wakali. Laiti wangemwona akinimenyea yai.

Desemba 10

Leo mavyaa amenisemesha: "Funga mlango."

Desemba 12

Nimemchunguza vizuri mavyaa tukiwa birikani. Anaingia wa kwanza na kutoka wa kwanza. Lutfi akigonga ubao tu, yeye keshasimama, shuka limembana, viatu vyake vya mti, mitalawanda, miguuni, wala hageuki nyuma. Wengine wanachelewa, wanabishana, wanatafuta vitana vyao. Nikamuuliza Sasiya kwa nini mama mkwe wangu ana haraka. Akasema, "Mama wa karani akichelewa, nani atawahi?"

Kumbe. Nilidhani ni kiburi.

Desemba 21

Tangazo limebandikwa mlangoni. Mwandiko ni wa Lutfi, naujua kwa mikia ya herufi zake.

Kampuni fulani ya mji mkuu imeyakodi maji kwa wafanyakazi wake wanaokuja kupumzika majira yote ya baridi. Mchana wote sasa ni wao. Wanawake wataoga kuanzia adhana ya alfajiri hadi jua kuchomoza.

Wakati wa chakula nilimuuliza Lutfi, "Alfajiri? Na baridi hii?"

"Ni amri ya Si Rauf," akasema, yaani Bwana Rauf, meneja wa hamamu. "Mimi ni karani tu."

"Na wenye baridi yabisi? Na wajawazito?"

"Naziha, mkono ulioandika si kichwa kilichofikiri."

Mavyaa akamwongezea mwanawe kuskusi, kipande cha nyama akaniwekea mimi. Nilitamani aseme.

Januari 4

Jalidi, umande wote umeganda. Njia ya hamamuni inateleza kama imepakwa sabuni. Tunashikana mikono gizani. Tulikuwa wachache.

Januari 6

Wachache zaidi.

Januari 11

Bi Mannubia ameanguka. Ilikuwa kwenye ngazi za juu, pale maji ya mfereji yalipogandia. Alikuwa mbele yangu akinitania kwamba watu wa Sfax hutembea kama kuku aliyelowa, mara akanyanyuka miguu juu, na nikasikia mlio ambao sitaki kuusikia tena. Ni nyonga.

Tulimbeba kwa blanketi. Hakulia. Alikuwa akisema tu, "Mitalawanda yangu, msiiache, ni mipya." Mavyaa alishika upande wa kichwa, na njia nzima alikuwa akimpapasa paji la uso kwa kidole gumba. Sikujua kuwa mikono ile inajua kupapasa.

Nyumbani aliketi jikoni na koti lake la baridi mwilini, moto haujawashwa. Nikawasha. Nikathubutu kumuuliza kama ni ndugu yake.

"Nilikuja hapa bibi harusi," akasema, "natoka bonde la tatu kutoka hapa, sina ninayemjua. Mwaka mzima hakuna aliyenisemesha ila yeye."

Nikashindwa kujizuia. "Basi mbona wewe hukunisemesha mimi, Mama?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe ulikuwa unasema vya kutosha."

Januari 13

Tumekwenda kumwona Si Rauf, meneja: mavyaa, Mahbuba mke wa omda, yaani mkuu wa mji, na mimi kwa kuwa ninaweza kusoma nikiletewa karatasi. Hakuna karatasi iliyoletwa. Alitumiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akawaulizia watoto wetu na mifugo yetu, akatupa pole kwa ajali ya Bi Mannubia mpaka macho yakamlenga machozi.

"Mama zangu, nyinyi ndio taji la mji huu. Nitalifikiria."

Akatupa biskuti tuende nazo. Njiani nilisema, "Mtu muungwana sana." Mavyaa akampa punda biskuti zake.

Januari 16

Theluji yenye mvua. Si Rauf bado anafikiria. Mavyaa ametoka kutwa nzima kuazima ungo. Tuna nyungo tatu.

Januari 18

Leo nina mengi, na vidole vyangu bado vimekunjamana kama zabibu kavu.

Tulifika alfajiri kama tangazo linavyotaka, nikashangaa: birika limejaa. Hata waliokwisha kata tamaa walikuja, hata Mahbuba ambaye kwake kuna bafu la vigae. Nikaelewa habari ya ungo aliokwenda kuuazima nyumba kwa nyumba.

Tulioga. Kukapambazuka kwenye tundu la paa. Ubao ukagongwa, na sauti ya Lutfi ikaita kama kila siku, "Wanawake, muda umekwisha!"

Kila mmoja akamgeukia mavyaa. Hakusimama.

Nikamnong'oneza, "Mama, hujasikia?"

"Nimesikia. Nimemzaa, sauti yake naijua. Keti."

Nikaketi. Nakiri kwamba pamoja na hofu nilikuwa na hamu kubwa ya kuona itakuwaje.

Ubao ukagongwa tena. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Mama? Umo humo?"

"Nimo."

"Wageni wanasubiri hapa nje, Mama."

"Wape kahawa."

"Mama, theluji inawanyeshea!"

"Hiyo hiyo ndiyo inayotunyeshea sisi kila alfajiri. Waambie ni nzuri kwa ngozi."

Birika likalipuka kwa kicheko. Huko nje tuliwasikia wageni: mmoja akifoka kwamba amelipiwa, mwingine akicheka na kusema mkewe angekuwa hapa naye angekuwa humo ndani. Baadaye ikasikika sauti laini ya Si Rauf. "Mama zangu, hili si jambo la kiungwana." Akamtuma Sasiya aingie atutoe.

Sasiya aliingia na fagio lake. Akatutazama sote, akamtazama mavyaa. Akaliegemeza fagio ukutani, akavua viatu, akaingia majini na gauni lake lote. "Ameniambia niingie," akasema. "Nimeingia."

Akaitwa omda, Si Tijani, mkono wa serikali hapa kwetu. Akakohoa kohoo la kiserikali. "Enyi wanawake! Kwa jina la sheria!" Kisha sauti yake ikashuka. "Mahbuba? Na wewe umo humo?"

Mahbuba akashuka majini mpaka kidevuni. "Simo!" akajibu.

Tulicheka mpaka mjamzito mmoja akaomba tumhurumie. Hata huko nje walicheka, nadhani na omda pia. Ndipo Si Rauf akakasirika, maana mtu mwenye sauti laini huvumilia yote ila kuchekwa. Hakuna mwanamume awezaye kuingia, alijua. Polisi naye ni mwanamume. Basi akasema, tena kwa sauti ya kusikika na sisi, "Lutfi, fungua kizibo. Yamwage maji yote."

Kizibo kiko nje, nyuma ya ukuta, na anayeweza kukiinua ni mwenye funguo. Nilijiambia, hatafanya. Mke wake yumo, mama yake yumo, theluji inaanguka. Mtu anayenimenyea yai hawezi kufanya hivi.

Nikasikia mnyororo.

Maji yalikuwa mabegani kwangu. Yakawa kifuani. Yakawa kiunoni, na baridi ikashuka kutoka tundu la paa ikayafuata. Tulijifunga mashuka, tukasogeleana kama kondoo. Msichana mmoja alianza kulia, akasimama. Mavyaa hakumkataza, alimwambia tu, "Ukienda, nenda, hakuna atakayekulaumu. Lakini mimi nakaa. Njoo basi hapa kwenye mdomo, hapa hapapoi." Na kweli, chemchemi haikuwa na habari na Si Rauf. Iliendelea kumwaga maji moto miguuni mwetu. Tukabanana pale.

Na sakafu ikatokea. Wazee wote waliokuwamo waliapa hawajapata kuiona yote. Kila kiangazi maji hupunguzwa nusu tu, tope likapigwa reki. Sasa yalikuwa matope, na ndani ya matope vitu vyetu vyote: vitana, pete, bangili nyeusi tititi, seti moja ya meno ya bandia ambayo hakuna aliyekubali kuwa ni yake. Hofu ikatutoka. Wanawake wazima wakaanza kuchokora kama watoto. Mahbuba alikumbuka hereni aliyoipoteza mwaka aliojifungua mtoto wa kwanza, akaenda kona ya kaskazini akachimba kwa mikono miwili, akang'oa bonge kubwa la tope gumu.

Hereni haikuwapo. Lakini niliona maji yanayotambaa sakafuni yakigeuka. Hayakwenda kwenye kizibo tena. Yalikwenda kwenye lile shimo alilochimba, na ukuta ukayanywa.

"Mama," nikasema, "ukuta unakunywa maji."

Nikapiga magoti. Kulikuwa na mgongo wa tao la matofali, limezibwa kwa mawe na udongo. Nikatega sikio. Upande wa pili maji yalikuwa yakianguka, na yalianguka mahali penye nafasi, kwa mwangwi. Mavyaa akainama karibu yangu, shavu lake likagusa langu, akasikiliza.

"Nyuma ya huu ukuta kuna nini?" nikamuuliza.

"Ghala la chokaa." Akainua uso. "Lutfi!"

Akajibu karibu sana na mlango, kana kwamba alikuwa ameuegemea: "Naam, Mama."

"Nenda ghalani. Uniambie kama sakafu imelowa."

Alikwenda mbio, tulimsikia. Akarudi mbio zaidi. "Mama! Magunia yameloa yote! Maji yanatoka chini ya ukuta, ya moto, na sakafu imebomoka, kuna ngazi chini yake! Ngazi za mawe, Mama, kama za humo!"

Ilikuwa kama mtu ametuambia nyumba yetu ina chumba tusichowahi kukiingia. Waliotangulia walikuwa na mabirika mawili. Mtu fulani, wakati fulani, aliziba moja akaweka chokaa, na tangu hapo tunagawana saa.

Mavyaa alisimama. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile.

"Si Rauf! Maji umeyamwaga wewe mwenyewe, na birika halijai kabla ya kesho. Leo haogi mtu, si sisi, si wageni wako. Sasa sikiliza. Lile la pili litachimbuliwa. Likishachimbuliwa, kila mtu atakuwa na lake. Mpaka siku hiyo, mchana ni wetu kama ulivyokuwa. Sema mbele ya wageni na mbele ya omda, kwa sauti. Na ukisema utalifikiria, sisi tutalifikiria hapa hapa."

Si Rauf akaanza tena, "Mama zangu..." Aliyemmaliza ni yule mgeni aliyekuwa akifoka mwanzo. "Kubali, bwana! Miguu yangu imekufa! Nilikuja kutibiwa baridi yabisi, nitarudi nayo mbili!"

Akakubali. Omda akarudia kwa sauti, maneno kwa maneno.

Tulipotoka, wanaume wote walikuwa wametupa mgongo, wamepangana ukutani na theluji mabegani. Lutfi peke yake alitazama chini, na mikononi ameshika koti la mama yake. Alikuwa mweupe kama ile chokaa. Nilimpita.

Mavyaa akasimama. Akavaa koti. "Soksi zako zimelowa," akamwambia. "Nenda kabadili."

Januari 19

Sijasema na Lutfi.

Januari 20

Sijasema na Lutfi. Ameniwekea chungwa mlangoni. Nimelila.

Januari 23

Amesema yeye. "Ningekataa, angemwita Hamadi wa jikoni kwa wageni. Nyuma pale kwenye kizibo pana ufa ukutani, na Hamadi angechungulia. Mimi nilifungua macho nimeyafumba."

Sijui kama alilifikiri siku ile au amelitunga baadaye. Nilimtazama sana. Niliolewa nikidhani mume wangu ni jasiri na mama yake ni jiwe. Sasa najua kwamba yeye ni mwoga kidogo, kama mimi siku nyingi, na kwamba hakulala usiku ule. Nimemwambia apashe supu.

Februari 8

Ghala limeshatolewa chokaa yote. Wanachimba kwa zamu, wake kwa waume, na hata wageni wawili wa kampuni wamevua makoti wakashika majembe. Mchana tunaoga. Bi Mannubia ameletwa kwa kiti, amebebwa na wajukuu zake. Waganga wamemwambia hatatembea bila fimbo tena. Tukamshusha majini taratibu. Akafumba macho, akakaa hivyo kitambo kirefu, nikaogopa. Kisha akasema, "Nasikia mlicheka nisipokuwapo. Nianzieni mwanzo. Omda alikohoaje?"

Februari 20

Mvua. Tope. Ngazi za chini zimeonekana.

Machi 15

Birika la pili limejaa. Ni dogo, na maji yake hufika yamekwisha poa kidogo njiani. Si Rauf alisimama mlangoni akasema ni zuri, la faragha, linawafaa sana kina mama.

"Linawafaa zaidi wageni wako," mavyaa akamjibu. "Wamelipiwa, na wewe ndiwe uliyelipata."

Basi mchana wanaume wanaoga dogo, sisi tunaoga kubwa. Wananung'unika. Si Rauf bado anatuita taji la mji, ila sasa anarudi nyuma hatua moja kwanza.

Nilimuuliza mavyaa leo, tukiwa peke yetu kwenye mdomo wa chemchemi: siku ile alijua kwamba tutashinda?

"Hapana."

"Basi kwa nini hukutoka?"

"Nilikuwa na baridi," akasema. Akaona sijaridhika, akaongeza, "Na nilikuwa nimeshatoka wa kwanza miaka mingi, mwanangu. Nilitaka kujua wa mwisho anaonaje."

Aprili 2

Wageni wa mwisho wameondoka. Milozi imemaliza maua.

Mei 9, Sfax

Nimekuja kuwasalimu wazazi, na mavyaa amekuja nami. Ni yeye aliyejialika. Alifunga kifurushi chake, akakaa juu yake kituoni, akasema tu kwamba nimeuliza sana habari za maji yake, sasa ni zamu yake.

Leo asubuhi nimempeleka ufukweni. Hajapata kuiona bahari. Alisimama mchangani muda, mikono nyuma kama mtu anayekagua shamba la mwenzake. Akainama, akachota, akaonja, akatema.

"Chumvi."

"Ndiyo, Mama."

"Na yamepoa. Nani anayatunza haya?"

"Hakuna mtu. Ni ya Mungu tu."

Akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuna ukuta, hakuna mlango.

"Na saa za wanawake ni zipi?"

"Saa zote, Mama."

Alilipima jambo hilo. Kisha akavua viatu, akanikabidhi, akakunja gauni akaingia. Pwani yetu haina kina. Unaweza kwenda na kwenda. Aliishika njia yake moja kwa moja, bila haraka, mpaka watoto waliokuwa wakicheza wakaacha wakamtazama, mpaka akawa mdogo kama kidole, na maji bado yako magotini mwake.